Ufa wa jikoni kwa mama, na ardhi inayoteleza kimyakimya

Swali limetoka kwa msomaji wa Igoma, Mwanza:

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, naishi Mwanza. Lile tetemeko la 2016 lilituachia ufa kwenye ukuta wa jiko kwa mama. Tuliuziba, ukarudi, na sasa kidole kinaingia, wakati hatujasikia mtikisiko mwingine wa maana. Mdogo wangu yuko chuo, anasema ardhi huweza kuteleza polepole bila mtu kusikia, na mtelezo huo ndio unaounganisha tetemeko moja na jingine. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ndicho kinachopasua jiko la mama? Tumhamishe?"

Marahaba, mwanangu. Mdogo wako amesoma vizuri, mpe hongera zangu. Analolisema lipo, limepimwa, na ni moja ya mambo makubwa ambayo wataalamu wa matetemeko wamejifunza katika kipindi cha miaka 25 iliyopita. Lakini jiko la mama linapasuliwa na kitu kingine, na kabla sijamaliza nitakupigia hesabu uone kwa nini nasema hivyo bila kusita. Kwa ajili ya mtelezo, usimhamishe. Kwa ajili ya maji ya mvua, huenda ukalazimika kumhamishia jiko, na hilo tutalifikia.

Nianzie Mwaloni Kirumba, maana ndiko nilikoliona jambo hili kwa macho baada ya kulisoma miaka mingi kwenye makaratasi. Ilikuwa asubuhi, mvua imepiga usiku kucha, ufuko wote tope. Mafundi walikuwa wamepandisha nchi kavu mitumbwi miwili ya dagaa ili waikalafati. Wa juu waliufunga kwenye kigingi. Kigingi cha pili hakikupatikana, basi wa chini wakaufunga kwenye mkia wa ule wa juu, wakaenda kunywa chai. Mimi nilibaki nimekaa juu ya kreti tupu, nasubiri manyunyu yapite. Kamba iliyounganisha mitumbwi ilikuwa imelegea, tumbo lake limelala kwenye tope. Baada ya muda nikaona haigusi tope tena. Baadaye kidogo imenyooka, inachuruza maji kama nguo inayokamuliwa. Mtumbwi wa chini ulikuwa unateremka. Sikusikia chochote, na ukiuangalia wenyewe ungeapa kwamba umetulia. Kamba tu ndiyo iliyokuwa inasema. Nikageuka kutazama kigingi, nikakikuta kimeinama kuelekea ziwani, udongo unapasuka nyuma yake. Sikuwahi hata kuita. Kiling'oka, mtumbwi wa juu ukashuka kwa kishindo mpaka ukaukumba wa chini. Waliokuja mbio wote waliuliza nani kausukuma.

Hakuna aliyeusukuma. Mtumbwi wa juu ulioshuka kwa kishindo ndio tetemeko. Wa chini ndio mtelezo wa polepole. Na kamba ni mwamba wenyewe, ambao pamoja na ugumu wake wote hunyumbuka. Ukivutwa huku, mzigo unafika kule.

Chini ya ardhi miamba imekatwa na mipasuko mirefu, na pande mbili za mpasuko husukumwa zipishane mwaka hadi mwaka na mwendo wa mabamba ya dunia, yaani vile vipande vikubwa vya ganda la dunia. Watu wengi hufikiri mpasuko ni kitu cha namna moja, umekwama wote, kisha siku moja unaachia wote. Sivyo. Mpasuko mmoja una madoa madoa. Kuna mahali mwamba ukianza kuteleza msuguano wake hupungua, kwa hiyo ukishaanza hauzuiliki. Hapo ndipo tetemeko huzaliwa. Kuna mahali pengine, kwa sababu ya joto, au udongo wa mfinyanzi, au maji yaliyobanwa kwa shinikizo kubwa, mwamba ukiongeza kasi msuguano nao huongezeka, kama breki inayojikaza yenyewe. Hapo huteleza, lakini hauwezi kukimbia. Na kuna sehemu za mpakani, katikati ya tabia hizo mbili, ambazo hukaa zimekwama kwa miezi au miaka, kisha zikaachia kwa wiki kadhaa, kisha zikakwama tena. Hizo za mwisho ndizo zilizotushangaza.

Zilitushangaza kwa sababu mashine za kupimia matetemeko hazizioni. Mashine ile inasikiliza mtikisiko. Tetemeko la kawaida hupasua mwamba kwa kasi ya kilomita 2 hadi 3 kwa sekunde, na kasi hiyo ndiyo inayotoa mawimbi. Mtelezo wa polepole husambaa kilomita kumi hivi kwa siku, mwendo ambao mtu wa miguu anaumaliza asubuhi moja. Hautoi mawimbi ya kuangusha hata kikombe. Mpaka vilipowekwa vituo vya GPS vinavyopima usiku na mchana, vimefungwa kwenye mwamba imara, hatukuwa na macho ya kuuona. Mwaka 1999 vituo vya kusini magharibi mwa Canada, karibu na kisiwa cha Vancouver, ambavyo siku zote husogea upande mmoja, viligeuka vikasogea kinyumenyume milimita chache kwa muda wa wiki kadhaa. Herb Dragert na wenzake walitangaza habari hiyo 2001, na baadaye ikaonekana kwamba jambo hilo hujirudia pale kila baada ya miezi 14 hivi. Kila mara, ukijumlisha eneo lote lililoteleza, unapata kazi inayolingana na tetemeko la ukubwa wa 6 hadi 7. Watu wamelala, wameamka, wamekwenda kazini, na chini yao limepita jambo la ukubwa ule. Nimelifundisha kwa miaka mingi na bado linanigusa kila ninapolisimulia.

Sasa swali lenyewe la mdogo wako, kwamba mtelezo huo hulibeba tetemeko moja hadi jingine. Mahali pa kulijibu ni Mexico, kwa kuwa ndiko mnyororo ulikoonekana wazi kuliko kwingine. Huko bamba la Cocos, lililo chini ya bahari ya Pasifiki, linazama chini ya nchi kavu, na katika majimbo ya Guerrero na Oaxaca mitelezo ya polepole ni ya kawaida. Guerrero hurudi kila baada ya miaka minne hivi. Mwaka 2014 mmoja ulianza Februari, na tarehe 18 Aprili, ukiwa bado unaendelea, likapiga tetemeko la ukubwa wa 7.3 karibu na Papanoa, kwenye kipande kilichokwama kando yake. Huo ni mtumbwi wangu wa Mwaloni bila kuongeza neno.

Halafu ikaja 2017. Usiku wa 7 Septemba, kwa saa za kule, tetemeko la ukubwa wa 8.2 lilipiga Tehuantepec, kusini. Siku 12 baadaye, 19 Septemba, likaja la 7.1 chini ya nchi kavu kati ya Puebla na Morelos, likaua watu 369, wengi wao Mexico City. (Siku hiyohiyo, saa mbili tu kabla, wakazi wa jiji walikuwa wamefanya zoezi la kujiokoa, la kukumbuka tetemeko la 19 Septemba 1985. Mara nyingi huwafikiria watu wale, wamerudi tu ofisini kutoka kwenye zoezi.) Kisha Februari 16, 2018, likaja la 7.2 huko Pinotepa, Oaxaca. Matatu ndani ya miezi mitano na ushee. Umbali kati yao ni mkubwa mno kwa la kwanza kuwa limeyasukuma mengine kwa mkono. Ukipiga hesabu ya mkazo uliohamishwa moja kwa moja, haufiki.

Víctor Cruz-Atienza na wenzake wa chuo kikuu cha taifa cha Mexico walichapisha maelezo yao 2021. Mawimbi ya lile la 8.2, kwa kupita kwao, yalivuruga ratiba ya mitelezo ya polepole kwenye kipande cha mpasuko chenye urefu wa kilomita 650. Sehemu zilizokuwa zinangoja zamu yake zikaamka mapema, nyingine zikabadili mwendo. Na mtelezo ulioamka Oaxaca ukawa unapeleka mzigo, wiki baada ya wiki, kwenye kile kipande cha Pinotepa, mpaka kikaachia. Kwa mfano wangu, lile la 8.2 ndiyo mvua ya usiku. Mvua haikugusa kigingi cha juu wala haikung'oa kitu. Ililainisha tope tu, mtumbwi wa chini ukaanza safari yake, na kishindo kikaja wakati mvua yenyewe imeshakatika. Wao wenyewe wanasema uhusiano huo ni wa uwezekano mkubwa, na mimi pia naupa uzito huohuo, uwezekano mkubwa.

Unaweza kuuliza, mzigo wenyewe una uzito gani hadi uangushe mwamba? Mdogo mno, na ndipo watu wengi hukataa kuamini. Mara nyingi nyongeza inayotosha kuharakisha tetemeko ni kama sehemu moja ya ishirini ya upepo ulio ndani ya tairi la bodaboda. Kiasi hicho hakiwezi kuvunja hata tofali. Lakini mpasuko unaohusika umebeba mkazo wa makumi au mamia ya miaka, umefika ukingoni, na kilichobaki ni kidogo tu. Nyongeza haiundi tetemeko. Inalisogezea siku.

Japani nayo ina kisa chake. Tarehe 9 Machi 2011 lilipiga tetemeko la ukubwa wa 7.3 nje ya pwani ya Tohoku. Siku mbili baadaye, 11 Machi, likaja lile la 9.0 lililoleta tsunami. Aitaro Kato na wenzake walipoyapanga matetemeko madogo ya siku zile kwa mpangilio, waliona yanatambaa kuelekea mahali lilipokuja kuanzia lile kubwa, kilomita chache kwa siku, ishara kwamba chini yake kulikuwa na mtelezo unaotembea. Na Uturuki, tetemeko la Izmit la 17 Agosti 1999 lilifuatwa na la Düzce siku 87 baadaye, kwenye mpasuko uleule, upande wake wa mashariki. Hapo sehemu ya kazi ilifanywa na namna nyingine ya mtelezo, ule unaofuata baada ya tetemeko: sehemu zisizokwama zinazozunguka eneo lililopasuka huendelea kujisogeza, kwa haraka siku za mwanzo, kisha polepole zaidi na zaidi kwa miezi, zikijaribu kulifikia lile lililotangulia. Wakati mwingine kazi ya mtelezo huo hushinda ya tetemeko lenyewe, kama ilivyopimwa Parkfield, California, baada ya tetemeko la ukubwa wa 6.0 la 2004. Na mitetemo midogo mnayoisikia baada ya tetemeko kubwa, ile inayowatoa watu nje ya nyumba usiku, sehemu yake huendeshwa na mtelezo huo.

Hapa nakuomba uniangalie usoni, kwa sababu habari kama hii ikifika kijijini hugeuka kuwa utabiri. Kule Canada mtelezo umekuja na kuondoka kila miezi 14, na tetemeko kubwa la mwisho la mpasuko ule ni la 26 Januari 1700. Guerrero mitelezo ya 2002, 2006 na 2010 ilipita bila kuzaa tetemeko kubwa, kabla ya huo wa 2014. Mitelezo mingi zaidi huisha kimya kama ilivyoanza. Ukiuona unaendelea, unajua kwamba mzigo umeongezeka upande fulani. Hujui kama kigingi cha upande huo kimeshalegea au bado kimezama futi tatu. Hakuna mtu, wa chuo chochote wala wa dini yoyote, anayeweza kukutajia tarehe. Akikutajia, mpishe.

Turudi kwetu. Sisi wa kandokando ya ziwa tumekaa juu ya kipande cha ardhi ambacho wataalamu hukiita bamba dogo la Victoria. Ni gumu, la kale. Miamba hii ya Mwanza tunayopigia picha, Bismarck Rock na wenzake, ni itale za zaidi ya miaka bilioni 2.5. Bonde la Ufa lilipofika hapa halikuweza kulipasua bamba hili, likagawanyika, tawi moja likapita magharibi kwa Tanganyika, Kivu na Albert, jingine mashariki kwa Natron na Nakuru. Bamba letu liko katikati, na linajizungusha taratibu kinyume cha mwendo wa saa. Kufunguka kwa Bonde la Ufa ni milimita chache kwa mwaka. Ukichukua milimita 3, tangu Uhuru wa 1961 hadi leo unapata kama sentimita 19, pungufu kidogo ya shibiri. Mexico huipata shibiri hiyo kwa miaka mitatu hivi. Kwa hiyo mkazo wetu hujaa polepole sana na matetemeko makubwa yetu huwa mbalimbali, lakini yapo: Rukwa ilipigwa na la 7.4 hivi mnamo 13 Desemba 1910, na Ziwa Tanganyika lilitoa la 6.8 mnamo 5 Desemba 2005. Na huja kwa mfululizo pia. Karonga, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Malawi, Desemba 2009 ilipata matetemeko kadhaa ndani ya wiki mbili, na kubwa kuliko yote, la 6.0, lilikuja mwishoni, tarehe 19, watu wakiwa tayari wameanza kurudi ndani.

Mtelezo wa polepole umewahi kuonekana Tanzania? Umeonekana, na mwambie mdogo wako akautafute maana ni wetu. Julai 2007, kando ya mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, kama kilomita 350 mashariki mwa Mwanza ukivuka Serengeti yote, matetemeko yalianza mfululizo. Kubwa lilikuwa la 5.9, tarehe 17, na Nairobi watu walitoka kwenye maghorofa. Wataalamu wakachukua picha za rada za setilaiti za kabla na za baada, wakakuta ardhi imesogea kuliko matetemeko yale yote yalivyoweza kueleza. Kikundi cha Eric Calais, kilichotangaza matokeo 2008, kilionyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi ilifanyika bila mtikisiko. Kwanza mpasuko uliteleza polepole. Kuteleza huko kukapunguza mbano uliokuwa unaishikilia miamba, na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikapata upenyo, ikapanda kati ya miamba kama ubao unaopenyezwa kati ya magunia. Tarehe 4 Septemba mwaka huohuo mlima wa volkano Oldoinyo Lengai ukalipuka majivu. Kwa hiyo hapa kwetu mtelezo haukubeba mzigo kwenda kwenye tetemeko jingine tu, ulifungulia mlango moto wa chini. Mexico haina hilo. Ni la Bonde la Ufa, na mimi naona ndilo tunalopaswa kulisomea kwa bidii kuliko yote.

Sasa Kagera. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi, saa tisa na dakika 27 alasiri, ukubwa wa 5.9, kitovu kaskazini magharibi mwa Bukoba karibu na Nsunga, kina cha kama kilomita 40. Zaidi ya watu 15 walifariki, zaidi ya 250 wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba yakaharibika, na sekondari za Ihungo na Nyakato zikabaki magofu. Wewe unayajua haya kuliko mimi. Nilichotaka uone ni kile kina. Kilomita 40 ni chini sana kwa tetemeko la nchi kavu. Kumetokana na ugumu na ubaridi wa miamba yetu ya kale, ambayo hata huko chini bado inapasuka badala ya kunyumbuka kama nta. Tetemeko la ukubwa ule hupasua eneo la kilomita kumi hivi tu, na mkono wake wa kusukuma mipasuko jirani unakwisha ndani ya makumi machache ya kilomita. Baada ya miezi ya mwanzo, mchango wake kwa majirani zake hao unakuwa mdogo sana. Halijapeleka mzigo Mwanza. Halijapeleka Geita. Hapo unaweza kulala.

Na jiko? Hesabu niliyokuahidi ni hii. Tukuze mambo makusudi, tuseme chini ya Kagera, kina kilekile cha kilomita 40, kuna mtelezo unaosogeza uso wa ardhi milimita 5 nzima. Kwa kuwa chanzo kiko chini hivyo, milimita hizo 5 hazitakaa mahali pamoja. Zitatawanyika juu ya upana wa kilomita 40 au zaidi, kama mkunjo wa shuka unavyotawanyika ukilivuta kutoka mbali. Ukuta wa jiko una urefu gani, mita 4? Basi fungu lake katika zile 5 ni 0.0005 ya milimita. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo zaidi ya mara mia. Ufa unaoingia kidole ni milimita 15. Mtelezo hauwezi kuufanya, hata ukipewa miaka elfu.

Kinachoufanya, kwa nilivyoona kwenye nyumba nyingi za huko, ni ndoa ya mambo mawili. Tetemeko lilivunja mshikamano wa ukuta mara moja, hasa kama ni matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo bila lenta. Baada ya hapo mvua ndiyo inayoendelea na kazi. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, mara mbili ya Mwanza. Kama paa la jiko halina gata, maji yote ya bati yanaanguka palepale kwenye kona, yanakula udongo chini ya msingi, kona inashuka kidogo kila masika, na ufa mliouziba unafunguka tena kwa sababu mlifunga kidonda na mfupa bado umevunjika. Angalia umbo lake. Ufa ulio mwembamba chini na mpana juu, unaopanda kwa ulalo kutoka kona ya dirisha, mara nyingi unakwambia pembe ya nyumba inazama. Ufa uliosimama wima kwenye kona ambako kuta mbili zinakutana unakwambia kuta zile hazikufungwa pamoja tangu mwanzo.

Kabla hujamlipa fundi, pima. Piga alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, sehemu tatu: chini, katikati na juu. Pima umbali kati ya alama kwa rula, andika tarehe palepale ukutani. Rudia kila mwezi. Unaweza pia kumwambia fundi aweke kipande chembamba cha plasta kama kiganja kikivuka ufa, bila rangi. Kikikatika, ukuta bado unatembea. Namba zikiruka wakati wa mvua na kutulia kiangazi, mmeshamjua mwizi: gata, mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi, kisha ndipo mshone ufa kwa nondo na saruji na kufunga lenta kuzunguka chumba chote. Mkianza na saruji kabla ya maji mtarudi palepale. Lenta hiyo ndiyo itakayomfaa mama pia siku ardhi ikitikisika tena, kwa sababu kuta zilizofungwa pamoja juu haziangukii nje kila moja kivyake, na 2016 wengi waliumia kwa kuta zilizofanya hivyo hasa.

Jambo moja halingoji vipimo. Simama pembeni, tazama ukuta kwa kamba yenye jiwe mwishoni. Ukikuta juu umeachana na kamba kwa zaidi ya upana wa vidole viwili, au tofali zinacheza ukizigusa, mama asipike humo hata kesho. Mjengeeni kibanda cha muda uani.

Alama pigeni safari yako ijayo ya Bukoba. Vuli ikikatika nitumie vipimo vya sehemu zote tatu, pamoja na picha ya kona ya nje, palepale maji ya bati yanapoangukia.